Linki haipigi hodi

Juzi nimepata imeili ya mistari miwili kutoka kwa mtu nisiyemjua. Anasema kuna ukurasa wangu wa zamani unaoeleza jinsi ya kupanga mafaili kwenye kompyuta, yeye aliuwekea linki kwenye notisi zake miaka sasa imepita, na siku hizi wanafunzi wake wakibonyeza wanaambiwa 404, yaani ukurasa haupatikani. Basi, hakugomba wala nini, ila mi niliganda mbele ya skrini maana nilijua kabisa nilichofanya. Mwezi uliopita nilitumia siku nzima kusafisha tovuti yangu, folda zilikuwa vurugu tupu, majina mengine ya mafaili niliyaandika na makosa tangu enzi najifunza, kuna moja lilikuwa linaitwa mafiali.html badala ya mafaili.html na kila nikiliona lilikuwa linanitia aibu, nikabadilisha yote yakanyooka, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba huko nje kuna mtu ameshikilia lile jina lenye kosa.

Halafu nikaanza kuwaza. Huyu mtu aliniwekea linki na mimi sikujua. Hakuniomba, hakunijulisha, hapakuwa na fomu ya kujaza wala kitufe cha kukubali. Na mimi nikauondoa ukurasa bila yeye kujua. Yeye hakupiga hodi kuingia, mi sikuaga kuondoka. Ukifikiria vizuri ni kitu cha ajabu, mfumo unaotumiwa na mabilioni ya watu umejengwa hivyo kwa makusudi, kuna mtu alikaa akaona hili tatizo linakuja miaka mingi kabla, akasema liache liwepo. Na ninavyozidi kusoma habari zake naona hapo ndo penye ujanja wake wote, kuliko hata hayo mambo mengine anayosifiwa.

Namzungumzia Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na kabla sijaenda mbali naomba tuelewane kitu kimoja kwa sababu kinanikera kila nikikisikia: hakuvumbua intaneti. Intaneti ni nyaya na mashine na lugha ya kupelekeana pakiti, historia yake inaanzia mtandao wa kompyuta wa Marekani ulioitwa ARPANET, mwaka 1969, imeili ya kwanza kati ya mashine na mashine ni 1971, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ikahamia kwenye TCP/IP, ndiyo hiyo lugha ya pakiti, ya kina Vint Cerf na Bob Kahn. Yote hayo Tim aliyakuta. Wavuti, yaani hizi kurasa zilizounganishwa kwa linki, ni kitu kinachopita juu ya hiyo intaneti, kama imeili inavyopita. Haya, tuendelee.

Sehemu yenyewe ni CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Watu wanasikia CERN wanafikiria mashine kubwa za chini ya ardhi, ila shida iliyozaa wavuti haikuwa fizikia kabisa, ilikuwa shida ya nani anajua nini. Maelfu ya watafiti wanatoka nchi mbalimbali, kila timu inakuja na kompyuta yake na programu zake na mtindo wake wa kuandika nyaraka. Taarifa unayoitaka ipo, ila ipo kwenye mashine nyingine, na kuifikia inabidi ujifunze amri za mashine hiyo, kesho unataka nyingine unajifunza upya. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba mara nyingi ilikuwa rahisi zaidi kumfuata mtu akiwa anakunywa kahawa ukamuuliza. Na huyo mtu naye ni wa kupita, kwenye andiko lake Tim alitaja kwamba kawaida mtu anakaa pale kama miaka miwili hivi halafu huyo anaondoka, na alichokijua kinaondoka naye.

Mara ya kwanza alifika pale 1980, mkataba wa miezi sita tu, kijana wa miaka 25. Majina ya watu na mashine na programu yalikuwa yanamchanganya, hakumbuki nani anahusika na nini, akajiandikia kiprogramu chake kwa lugha ya Pascal akakiita Enquire, jina amelitoa kwenye kitabu kimoja cha kizamani cha maarifa ya nyumbani kilichokuwa kwao. Ndani ya Enquire unaandika ukurasa mdogo, huyu mtu, ile mashine, halafu unaunganisha, huyu ndo alitengeneza ile, ile inategemea hii.

Sasa hapa naomba tusikimbie, maana ndo penyewe. Enquire ilikuwa na linki za aina mbili. Ukiunganisha kurasa zilizo ndani ya faili moja linki inaonekana pande zote mbili, ukiwa huku unaona inakwenda kule, ukiwa kule unaona inatoka huku. Lakini ukiunganisha na faili nyingine linki ni ya upande mmoja tu, kule unakoelekeza hawaoni kitu. Na sababu zake alikuja kuzieleza. Moja, kama kila anayeniwekea linki angekuwa na uwezo wa kulazimisha na mimi niweke ya kurudi, basi ukurasa wenye maelfu ya wageni ungejaa maelfu ya linki ambazo mwenyewe hazitaki. Mbili, ukihifadhi jambo lilelile sehemu mbili, siku moja huku kutabadilishwa na kule kutasahaulika, na hizo sehemu mbili zitaanza kusema vitu tofauti. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na orodha moja kwenye mafaili mawili anajua anachozungumzia.

Mkataba ukaisha, akaondoka, diski yenye Enquire akamwachia mtu pale na baadaye ikapotea. Nimecheka niliposoma hapo. Programu ya kuzuia taarifa zisipotee, nayo ikapotea.

Kuhusu alikotoka nisiseme sana. Amezaliwa London 1955, mama yake na baba yake wote wawili walikuwa wanahisabati waliofanya kazi kwenye Ferranti Mark 1, moja ya kompyuta za kwanza kabisa duniani kuuzwa kibiashara, kwa hiyo mtoto wa nyoka ni nyoka. Elektroniki alianza kujifunzia kwenye treni za kuchezea, akasoma fizikia Oxford akamaliza 1976, na akiwa huko akajiundia kompyuta kwa prosesa na televisheni ya zamani.

Akarudi CERN 1984, shida ilikuwa ileile tu ila kubwa zaidi. Machi 1989 akaandika andiko la mapendekezo, kichwa chake kikavu kabisa, kuhusu usimamizi wa taarifa, akampa bosi wake Mike Sendall. Bosi akaandika juu yake kwa mkono maneno ambayo sasa yamekuwa maarufu kuliko andiko lenyewe, kwamba halieleweki vizuri lakini linasisimua. Mi huyu Sendall nampenda sana na naona hatajwi inavyostahili, kwa sababu andiko halikupitishwa rasmi kuwa mradi, lilikaa, likatolewa tena Mei 1990, na alichofanya Sendall ni kumruhusu Tim anunue kompyuta ya NeXT, ile ya kampuni ya Steve Jobs alipokuwa nje ya Apple, akaijaribu kwa kuandikia hicho kitu chake. Yaani wavuti imeingia duniani kwa mlango wa uani, kama zoezi la kupima mashine mpya.

NeXT ikafika Septemba 1990 na kufikia Krismasi jamaa alikuwa na vitu vyote, brauza ya kusomea kurasa, seva ya kuzitoa kwa anayeziomba, na kurasa za kwanza. Miezi kama mitatu. Kwenye boksi la ile mashine akabandika karatasi yenye maandishi mekundu yanayosema mashine hii ni seva, msiizime, kwa sababu mtu angeweza kupita jioni akabonyeza kitufe na wavuti nzima ya dunia ikazimika hapohapo.

Alichokibuni ukikitazama kilivyokuwa kinashangaza kwa udogo. Kuna anwani, kila ukurasa duniani una jina lake moja. Kuna HTML, namna ya kuandika ukurasa ili mashine yoyote iweze kuuonyesha, na ile herufi a unayoiandika ukitaka kuweka linki ni kifupi cha neno la Kiingereza la nanga, kitu ambacho mi nilikiandika mamia ya mara kabla sijajua. Na kuna HTTP, namna brauza inavyozungumza na seva, na toleo lake la kwanza ni fupi mpaka unajiuliza mbona mimi sikuliwaza. Brauza inaiita mashine husika, inaandika mstari mmoja:

GET /mafiali.html

Mwisho. Seva inatuma ukurasa halafu inakata simu. Haijui wewe ni nani, haikumbuki kama ulikuja jana, haiulizi nani kakuelekeza. Hiyo kutokumbuka ilikuja kuwa tabu watu walipotaka kuuza vitu, maana seva haiwezi kujua kwamba wewe uliyeweka viatu kwenye kikapu ndo wewe unayetaka kulipa, ndo maana 1994 Netscape, kampuni ya brauza, wakaleta kuki, kumbukumbu ndogo ambayo seva inaiacha kwenye brauza yako, na kuki tunajua zimetufikisha wapi. Ila kwa kuanzia ilikuwa sawa. Seva ambayo haikumbuki kitu ni seva rahisi kuandika, na kitu rahisi kuandika kila mtu anaweza kuandika cha kwake.

Tena hakuanzia patupu. Wazo la maandishi yanayorukia maandishi mengine lilikuwepo zamani, Vannevar Bush aliliandika 1945, neno lenyewe haipateksti ni la Ted Nelson wa miaka ya 60, na Doug Engelbart aliwaonyesha watu linki zinazobonyezwa kwa mausi mwaka 1968. Nelson alikuwa na mradi wake, Xanadu, na ndani ya Xanadu linki ni za pande mbili na hazivunjiki, ukimnukuu mtu chanzo kinajulikana milele na mwenyewe analipwa kidogo. Ukisikiliza unaona huyu ndo alikuwa sahihi! Mtu wa notisi asingepata 404, mi ningejua yupo, na hata nisingeweza kumvunjia. Lakini ili hayo yawezekane lazima pawepo na mahali pa kuweka kumbukumbu ya kila linki duniani, na mahali hapo lazima pawe na mwenyewe, na kila anayetaka kuunganisha apite hapo abishe hodi. Xanadu ilianza 1960, na kitu cha kutumiwa na dunia nzima haijawa mpaka leo.

Wataalamu wa haipateksti wenyewe wavuti haikuwavutia. Desemba 1991 walikuwa na mkutano wao San Antonio, Texas, makala ya Tim na mwenzake Robert Cailliau haikupitishwa, wakaambiwa basi waje tu kuonyesha kwa vitendo. Ukilinganisha na mifumo mingine ya wakati ule wavuti ilionekana ya kitoto kweli, linki za upande mmoja, hakuna wa kuzichunga, zinavunjika hovyo.

Huyo Cailliau, Mbelgiji, mhandisi wa palepale CERN, watu wanamsahau. Ndiye aliyehangaika kutafuta watu na pesa na kulinadi wazo kwa wakubwa, na Novemba 1990 waliandika pamoja pendekezo jipya lililoeleweka kidogo. Jina nalo lilizungushwa. Kulikuwa na wazo la kuuita mradi mgodi wa taarifa, ambalo kwa Kiingereza kifupi chake kinatoka TIM, akaona haya mwenyewe akaliacha. Wakabaki na World Wide Web, ambalo kifupi chake kulitamka ni kirefu kuliko lenyewe, jaribu tu kusema dabliyu mara tatu.

Sasa wa kuitumia. Sehemu hii sijaona ikisimuliwa sana na mi ndo naipenda kuliko zote: kilichowafanya watu wa CERN waanze kutumia wavuti ni kitabu cha simu. Namba za simu za wafanyakazi zilikuwa kwenye ile kompyuta kubwa ya kati, ukitaka namba ya mtu inabidi uingie huko kwa amri zake. Tim na wenzake wakaiweka kwenye wavuti. Na mwanafunzi aliyekuwa pale kwa mafunzo, Nicola Pellow, akaandika brauza nyepesi ya maandishi matupu, haina mausi haina rangi, kila linki ina namba kwenye mabano unaandika namba unabonyeza enta, na uzuri wake ni kwamba ilikuwa inaendeshwa kwenye karibu kila aina ya kompyuta, wakati ile brauza nzuri ya Tim ilikuwa NeXT tu, na NeXT walikuwa nayo wachache. Kwa hiyo kwa muda fulani kuna watu walioona uvumbuzi mkubwa wa karne wakadhani ni programu ya kutafutia namba za simu.

Tarehe 6 Agosti 1991 akautangaza mradi hadharani kwa watu wa nje, kwamba programu hizi hapa chukueni mjaribu, na Desemba mwaka huohuo seva ya kwanza Marekani ikawashwa kwenye maabara ya SLAC, Stanford, nao waliipenda kwa sababu ya hifadhi yao ya makala za fizikia. Hakuna hata mmoja aliyemwomba Tim ruhusa ya kuwasha seva. Wanamjulisha tu, mwanzoni alikuwa na orodha anawaandika, baadaye orodha ikamshinda.

Ila ingeweza kufa. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa na mfumo wao, Gopher, wa 1991, menyu safi unashuka nazo mpaka kwenye faili unalotaka, na kwa watu wengi wa wakati ule Gopher ilikuwa mbele ya wavuti, tena mbali. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wanaotumia seva zake watatozwa leseni. Hawakusema wote, na hela yenyewe labda isingekuwa ya kutisha, lakini watu wa kampuni wakishasikia leseni wanawaita wanasheria, na mtengenezaji anayefikiria kuandika kitu chake juu ya Gopher anaanza kuogopa kwamba kesho na yeye atafuatwa. Wakaanza kuhama. Na wakamgeukia Tim na swali lilelile, je na nyie mtatoza?

Yeye alikuwa ameshaanza kuwasumbua wakubwa wa CERN waliweke wazi jambo hilo. Kwanza alifikiria leseni ya GPL, moja ya leseni za programu huria, akasikia kampuni kubwa nyingine hata hiyo zinaiogopa, akabadilisha ombi, akataka iachiwe kabisa iwe mali ya umma. Tarehe 30 Aprili 1993 karatasi ikasainiwa na wakurugenzi wawili wa CERN, kwamba taasisi inaachia haki zake zote juu ya hizo programu, yeyote anaweza kuzitumia, kuzinakili, kuzibadilisha na kuzigawa. Ukiitazama hiyo karatasi ni kama barua yoyote ya ofisi, haina hata sentensi moja ya kukumbukwa. Mwisho wa 1993 seva zilizojulikana zilikuwa zimezidi 500, mwisho wa 1994 zikafika 10,000.

Katikati hapo ndo ikaja Mosaic, brauza ya vijana wa NCSA, kituo cha kompyuta cha chuo kikuu huko Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina, picha na maandishi vikakaa pamoja ukurasa mmoja, ikawa rahisi kusakinisha, na wengi duniani wavuti waliyoijua kwanza ni hiyo. Lakini kuna kitu kilidondoka njiani na kinaniuma. Brauza ya kwanza ya Tim ilikuwa pia ya kuandikia, unasoma ukurasa wako, unaona kosa, unaweka kishale palepale unarekebisha, unachagua maneno unayafanya linki bila kugusa alama hata moja ya HTML. Aliichukulia kusoma na kuandika kuwa kitu kimoja. Brauza ya Pellow ilikuwa ya kusoma tu kwa sababu ya wepesi, Mosaic nayo ikawa ya kusoma tu, na zilizofuata zikaiga hiyo. Sisi wengine tulijifunza HTML kwa kufungua maandishi ya ndani ya kurasa za watu na kuiga, usiku kucha, huku tunaandika mafiali badala ya mafaili, wakati mtu wa kwanza kabisa hakutarajia binadamu waandike zile alama kwa mkono.

Yaliyofuata mnayajua. Oktoba 1994 akaanzisha W3C, shirika la kuweka viwango vya wavuti, pale chuo cha MIT ili kampuni zisiigawane wavuti vipandevipande, hakufungua kampuni ya brauza wakati wenzake wanatajirika, akapewa cheo cha Sir na malkia wa Uingereza 2004, Tuzo ya Turing ya 2016, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, akakaa mbele ya ile NeXT kwenye ufunguzi wa Olimpiki London 2012 akaandika kwamba hii ni ya kila mtu. Mwaka 2021 akauza NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki, ya msimbo wa programu yake ya mwanzo kwa dola milioni 5.4, hapo mi nilinuna kidogo, ila mwisho wa siku msimbo wenyewe ulibaki wa bure kama ulivyokuwa. Alishakiri pia kwamba zile mistari mbili za mshazari kwenye anwani hazikuwa na ulazima.

Na hata Google imetoka kwenye linki isiyopiga hodi. Ile PageRank ya 1998, njia yao ya kupanga matokeo ya utafutaji, ya kina Larry Page na Sergey Brin kazi yake ilikuwa kuhesabu nani kamwelekezea nani, na hesabu ile ilikuwa na maana kwa sababu watu walielekeza kwa kupenda kwao, bila kukubaliana na mwenye ukurasa. Baadaye watu wakajua linki zinahesabiwa wakaanza kuziuza, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Yeye mwenyewe miaka ya karibuni amekuwa analalamika sana kwamba wavuti imekaa mikononi mwa kampuni chache zinazokusanya taarifa za watu, ana mradi wake unaitwa Solid wa kumrudishia kila mtu data yake. Sina hakika utafika mbali, ila ndo hivyo, ana haki ya kujaribu.

Nirudi kwenye 404. Ile hadithi kwamba palikuwa na chumba namba 404 CERN ni uzushi, Cailliau mwenyewe aliipuuza. Namba hizi zilikuja baada ya toleo la kwanza la HTTP, zinaenda kwa mafungu, zinazoanza na 2 mambo ni shwari, zinazoanza na 4 muombaji ndiye mwenye tatizo, zinazoanza na 5 tatizo ni la seva. Kwa hiyo ukiangalia vizuri seva yangu ilikuwa inawaambia wale wanafunzi kwamba kosa ni lao.

Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti ulipotea. Tim alikuwa anaubadilisha mara kwa mara bila kuweka nakala za nyuma, na 2013 CERN walipotaka kuurudisha kwenye anwani yake ya kwanza ilibidi watumie nakala ya 1992. Na kuna kosa la tahajia ndani ya HTTP lenyewe, brauza ikitaka kuiambia seva umetokea ukurasa gani inatumia neno Referer, na kwa Kiingereza sahihi pale katikati r ni mbili. Waligundua mapema kabisa, ila programu zilikuwa zimeshaenea, wakaona kusahihisha kutavunja vitu vingi, wakaliacha. Kila siku linatumwa mara zisizohesabika na kosa lake.

Mwaka 1998 Tim aliandika kwamba anwani nzuri haibadiliki, ni watu ndo wanaoibadilisha, na akaorodhesha visingizio watu wanavyotoa. Kimojawapo ni "tumepanga upya tovuti ili iwe bora zaidi". Niliposoma hapo nikafunga laptopu nikaenda kunywa maji.

Niliporudi nimerudisha majina yote ya zamani, yale mapya yakabaki lakini ya zamani nayo yanafunguka, na lile la mafiali nimeliacha na kosa lake. Nikamjibu yule mtu kwa mistari miwili kama yeye. Leo asubuhi nimechungulia logi za seva, yaani kumbukumbu za maombi, saa nne na dakika kumi kuna mtu ameomba GET /mafiali.html, akajibiwa 200.